Butili akrileti haihifadhiwi bila hewa
Wengi wanaotumia butili akrileti, monoma (molekuli ndogo zinazoungana kuwa minyororo mirefu iitwayo polima) ya kutengenezea polima za rangi na gundi, huamini kwamba ni salama zaidi kuondoa hewa yote pipani na kujaza naitrojeni tupu. Imani hiyo ina mantiki yake, kwa kuwa mvuke wake hushika moto kwa urahisi. Hata hivyo, kizuizi kinachotiwa humo ili molekuli zisiungane zenyewe, ambacho kwa kawaida ni kemikali iitwayo MEHQ, huhitaji oksijeni iliyoyeyuka ili kifanye kazi. Ikikosekana, molekuli zinaweza kuanza kuungana kwa kasi, zikatoa joto jingi na hata kupasua pipa. Ndiyo maana huachwa nafasi yenye hewa juu ya kimiminika. Anayetaka kuhakiki asome karatasi ya usalama ya bidhaa, hasa sehemu ya 7, inayohusu uhifadhi, na ya 10, inayohusu uthabiti.