“Mwalimu, tuwekee ile filamu ya Enron”

Kila tunapofika kwenye mada ya udanganyifu wa kifedha, ombi ni hilo hilo, na siku hizi linatoka hata kwa walimu wenzangu: wakiona filamu wataelewa. Hawaelewi. Wanatoka darasani wakijua kwamba wakubwa wa Enron, kampuni ya nishati ya Marekani, walikuwa na kiburi na watu wengi wakapoteza akiba zao. Waulize madeni yalifichwaje yasionekane kwenye mizania, yaani hesabu ya mali na madeni ya kampuni, darasa zima kimya.

Dhana hii ya kwamba kuona ndiko kujifunza inanichosha kuliko zote. Anayetazama filamu anamjua mwizi tangu dakika ya kwanza. Mkaguzi hana bahati hiyo. Yeye hukuta majalada yamepangwa vizuri, mhasibu mkuu mchangamfu, na chai mezani.

Mimi natumia vipande vifupi vya sauti. Tarehe 17 Aprili 2001, kwenye kikao cha simu na wawekezaji, mwekezaji Richard Grubman alilalamika kwamba Enron inatangaza faida bila kutoa mizania wala taarifa ya mtiririko wa fedha. Jeffrey Skilling, mkurugenzi mkuu, akamtukana, wote wakisikia. Nawasikilizisha wanafunzi lalamiko, kisha nasimamisha kabla ya tusi. Kila mmoja aandike: wewe ndiye mkaguzi, unadai nyaraka zipi kesho asubuhi? Wakishaandika ndipo wasikie jibu. Tarehe 2 Desemba mwaka huo huo Enron iliomba ulinzi wa sheria ya ufilisi.

Baada ya sauti, leja, yaani daftari la hesabu. Haina mbadala. Mwaka 2002 wakaguzi wa ndani wa WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, wakiongozwa na Cynthia Cooper, walibaini kwamba gharama za kutumia laini za kampuni nyingine za simu, dola bilioni 3.8, zilikuwa zimeingizwa kama mali, hivyo faida ikaonekana kubwa kuliko ilivyo. Hakuna kamera inayoweza kukuonyesha hilo. Kwa hiyo nawapa leja ya mazoezi kwenye Excel yenye ingizo moja la namna hiyo, na hatutoki mpaka lipatikane.

Kuna wanaosema tukifundisha mbinu tunafuga wezi. Wezi hawatusubiri sisi. Asiyezijua mbinu ndiye anayesainishwa hati asiyoielewa.

Wengine wanasema mkaguzi wa nje atakamata tu. Katika kesi zilizochambuliwa kwenye ripoti ya 2024 ya ACFE, chama cha wachunguzi wa udanganyifu, asilimia 43 ziligunduliwa kwa sababu watu walitoa taarifa, nyingi zikitoka kwa wafanyakazi wenyewe. Ukaguzi wa nje uligundua asilimia 3.

Na hili la kwamba kufundisha hivi kunahitaji vifaa ghali, jamani, tuliache. Simu moja inatosha. Mwanafunzi mmoja anakuwa karani wa stoo mwenye siri, mwingine mkaguzi. Nawarekodi dakika tano, halafu tunasikiliza pamoja ni wapi mkaguzi alimkatiza karani, karani akanyamaza.