Moshi wa Juu, Moshi wa Chini: Maswali Mnayoniuliza Zahanati

Mimi ni tabibu katika zahanati moja pembezoni mwa jiji la Tanga. Kila mashamba yanapochomwa kusubiri mvua, benchi langu hujaa watu wa vifua. Siku hizi limeongezeka jambo jipya: vijana wanakuja na simu, wananifungulia ramani ya moshi iliyotengenezwa kwa setilaiti. "Dokta, tazama, kwetu kweupe, hakuna moshi." Bibi zao wanakuja na jambo la zamani: maziwa, ati yanasafisha moshi kifuani. Kujibu mmoja mmoja kwenye foleni kumenishinda, nimeyaandika hapa.

Moshi ni nini hasa?

Ni gesi na chembe za kitu kilichoungua nusunusu. Majivu yale unayofuta mezani si hofu yangu kubwa, mengi hunaswa puani na kooni. Ninazoziogopa ni chembe zisizozidi maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwa chako una unene wa maikromita 70 hivi, kwa hiyo ungepanga chembe karibu thelathini ndipo uvuke unywele. Pua haizishiki, kikohozi hakizitoi zote. Zinashuka mpaka kwenye vifuko vya hewa, pale damu inapochukulia oksijeni.

Hao wataalamu wa setilaiti wanauonaje moshi ulioko juu kabisa angani?

Swali hili nalipenda, na nikijibu wanaosubiri sindano huanza kuguna.

Setilaiti ya Ulaya iitwayo Sentinel-5P, iliyorushwa Oktoba 2017, ina kifaa kinachotazama miali ya urujuanimno, ile miali ya jua isiyoonekana kwa macho. Moshi hunyonya miali hiyo, mawingu meupe huirudisha, kwa hiyo hata moshi uliotanda juu ya mawingu hujitokeza. Tatizo, picha ya namna hiyo haisemi vizuri moshi uko kimo gani. Setilaiti ya Terra, iliyorushwa 1999, ina kifaa chenye kamera tisa zilizoelekezwa pembe tofauti. Moshi uleule hutazamwa ukiwa mbele, ukiwa chini, na ukishaachwa nyuma, na kutokana na hapo kimo chake hukokotolewa. Halafu kulikuwa na CALIPSO, iliyorushwa 2006 na kustaafu 2023. Hiyo ilipiga leza kuelekea chini na kupima mwanga umechukua muda gani kurudi, kama nahodha anavyotupa bildi kujua kina cha maji, ila bildi yake ni mwanga.

Kwa vyombo vya namna hii ndiyo walifuatilia moshi wa Australia. Moto wa misitu wa mwisho wa 2019 na mwanzo wa 2020 ulikuwa mkali hata ukajitengenezea mawingu yake wenyewe ya radi, na mawingu hayo yakausukuma moshi kupita kimo cha ndege za abiria. Ulipofika huko, masizi yakanyonya jua, hewa ikapata joto, ikazidi kupanda. Bonge moja la moshi huo lilikuwa na upana wa kilomita 1,000 hivi. Lilifuatiliwa kwa miezi mitatu likipanda hadi kimo cha kilomita 35, yaani Kilimanjaro sita zimebebana.

Miezi mitatu, ndugu yangu. Kule hakuna mvua ya kuuosha moshi, na chembe zenyewe ni ndogo mno kiasi kwamba hazina haraka ya kuanguka. Chembe za udogo huohuo zikishaingia kifuani mwa mtoto, wewe unataka kuzishusha kwa glasi moja ya maziwa.

Kwa hiyo maziwa hayasafishi moshi kifuani?

Hayasafishi.

Maziwa yanakwenda tumboni. Moshi umekwenda mapafuni. Ni njia mbili, zinaachana kooni na hazikutani tena huko chini. Maziwa ya Tanga nayajua, nayanywa, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni saa mnazozipoteza mkisubiri yafanye kazi isiyo yake. Habari huwa ni ileile: jioni mtoto amekaa karibu na takataka zinazoungua, usiku kifua kinapiga filimbi, anapewa maziwa. Alfajiri bado, anaongezewa. Mchana mama anasema "tumpe siku moja tuone". Siku ya tatu analetwa kwa bodaboda, midomo imebadilika rangi, na mimi naambiwa, "Lakini tulimpa maziwa, dokta."

Mbona jirani yangu alikunywa akapata nafuu?

Alikuwa ameshatoka kwenye moshi. Angekunywa maji, au asinywe kitu, angepata nafuu ileile.

Ramani ya simu inaonyesha kwetu hakuna moshi. Mtoto anabanwa na nini?

Na moshi ambao ramani haikuuona. Setilaiti nyingi za kazi hii hupita juu yetu mara moja mchana, kama saa saba na nusu. Mama mkaanga samaki kule ufukweni anawasha kuni alfajiri. Takataka za mtaa zinachomwa magharibi. Saa saba na nusu moto umezimwa, na setilaiti imepita zake.

Tena, vile vidoa vyekundu vya moto kwenye ramani, vile vizuri zaidi vinavyopatikana kila siku, vinatokana na kipande cha ardhi chenye upande wa mita 375. Rundo la majani nyuma ya choo chako linaweza lisionekane kabisa. Siku ya mawingu mazito ndiyo usiulize.

Kuna na hili: kipimo kinachotumika sana hujumlisha moshi wote kuanzia juu angani hadi ardhini, na hakitenganishi wa juu na wa chini. Kuanzia Juni hadi Oktoba, nchi za kusini mwa Afrika huchoma misitu na mbuga kwa wingi. Moshi wao mwingi huelekea bahari ya Atlantiki, na mwingine hukata kusini-mashariki kuingia bahari ya Hindi. Kwenye ramani unatisha. Wakati huohuo Tanga tuna kusi inayotoka baharini, na hewa ya puani mwako yaweza kuwa safi kabisa, mpaka jirani awashe matairi. Basi ramani ikiwa nyekundu usife kwa hofu, na ikiwa nyeupe usijipe moyo. Mtazame mtoto.

Nimtazame vipi?

Mvue shati. Akiwa ametulia, halii, hesabu pumzi zake kwa dakika nzima, ukitazama saa. Usihesabu kwa kukisia. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika pumzi 60, wa miezi miwili hadi chini ya mwaka akifika 50, wa mwaka mmoja hadi mitano akifika 40, huyo anapumua haraka mno, mlete leo. Kama sehemu ya chini ya kifua inaingia ndani anapovuta hewa, au pua zinatanuka, au hawezi kunyonya, au midomo imekuwa ya kijivu au bluu, usimalizie hata kuvaa, njoo. Mtu mzima asiyeweza kumaliza sentensi bila kukata pumzi naye ni hivyohivyo. Usiku pia. Usingoje kukuche.

Na njiani usimnyweshe maziwa. Anayehema kwa shida hupaliwa kwa urahisi, na hapo ndipo maziwa yatafika mapafuni kweli.

Ile dawa ya pumu ya kuvuta, si inazoesha? Wanasema ukianza huachi.

Wanaosema hawajawahi kukesha na mgonjwa wa pumu. Kichupa cha bluu, salbutamoli, hulegeza misuli iliyokaza njia za hewa, na mtu huanza kupata hewa ndani ya dakika chache. Hakileti uraibu. Ukiona unakihitaji kila siku, maana yake pumu yako haijadhibitiwa, na kuna dawa nyingine ya kuvuta ya kutuliza uvimbe ambayo unapaswa kuwa nayo, njoo tuzungumze. Kwa mtoto, toboa kitako cha chupa ya maji ya plastiki ya nusu lita, tundu la kubana mdomo wa kichupa barabara, apumulie kwenye shingo ya chupa. Inafanya kazi vizuri, nitakuonyesha bure. Nimewakuta watu wameificha dawa hii kabatini ikiwa mpya, mgonjwa anapakwa mafuta kifuani.

Kanga iliyoloweshwa inazuia moshi?

Inazuia majivu. Chembe ndogo zinapita. Barakoa ya N95, ile ya kuchuja chembe ndogo, ikibana vizuri usoni inasaidia, ila kwa wengi wetu dawa ya kwanza ni kuondoka pale, au kuuhamisha moto wenyewe upande upepo unakokwenda. Kuacha kuchoma takataka ni bora zaidi, na hilo nimelisema mpaka sauti imekauka.

Jiko la mkaa likishashika halitoi moshi. Tukilala nalo chumbani kuna shida?

Kuna kifo. Mkaa unaowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, na inang'ang'ania damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni. Mnaamka na kichwa kinauma nyumba nzima, mkiamka. Toa jiko nje, fungua milango, mtoe mgonjwa kwenye hewa, mkimbize hospitali. Aliyezimia usimtie kitu chochote mdomoni. Maziwa yamo kwenye "chochote".

Na maziwa ya mbuzi, ya moto, yenye tangawizi?

Bibi mmoja aliniuliza hivyo wiki iliyopita, mjukuu amemlaza mapajani. Nikamwambia hayo nayo, bibi yangu, yanakwenda tumboni. Kisha nikamvua mtoto shati, nikatazama saa, nikahesabu: 58. Ana miezi tisa.