Kwa nini mshipa bandia huziba

Wagonjwa wa figo hapa Mtwara waliowekewa mshipa bandia mkononi ili wasafishwe damu huuliza swali zuri: bomba la maji nyumbani lina miaka na miaka halijaziba, huu mpira unazibaje?

Mshipa wa asili si bomba. Ndani umetandikwa tabaka moja la seli bapa, zimepangana kama vigae na kulala kufuata mkondo wa damu. Hazikai bure: hutoa naitriki oksidi na kemikali nyingine zinazozuia chembe sahani (vipande vidogo vya damu vinavyoanzisha kuganda) kunata na damu kuganda.

Mshipa bandia huanza bila seli hizo. Wa mkononi aghalabu ni wa plastiki ya PTFE, ileile inayopakwa kwenye vikaango ili mboga isigande. Ukiushika ni mweupe, mwepesi, haulowi maji. Seli nazo hazipati pa kushika, kwa sababu haziing'ang'anii plastiki yenyewe, hushika protini zilizoipaka. Mkulima wa mwani wa Naumbu hahitaji maelezo marefu: mche haukai kwenye kamba kuu bila kufungwa kikamba. Protini iitwayo fibronektini ni mojawapo ya vikamba hivyo. Bahati mbaya, damu ikigusa plastiki, fibrinojeni, protini ya kugandisha damu, huwahi nafasi ndani ya sekunde chache, nayo hukaribisha chembe sahani.

Seli husogea zikitokea kwenye maungio, pale mshipa bandia uliposhonwa na wa asili. Kwa mbwa zinaweza kuufunika wote. Kwa binadamu huishia sentimita 1 au 2, hata miaka ikipita. (Mbwa walitupa matumaini mengi kupita kiasi.) Tangu miaka ya 1970 watafiti wamejaribu kuzipanda ndani ya mshipa bandia kabla ya upasuaji, nyingi zikasombwa na damu. Zikikuzwa kwanza maabara hadi zishike, matokeo huwa mazuri zaidi, ila ni kazi ya wiki kadhaa na gharama kubwa.

Kwenye mshipa mkuu wa tumbo damu ni nyingi na njia ni pana, hivyo bandia hudumu hata bila seli. Wenye upana wa chini ya milimita 6 huziba mapema, ndiyo maana daktari hupendelea kuchukua mshipa wa mguuni mwa mgonjwa mwenyewe. Wa mkononi, wenye milimita 6 hivi, uko mpakani.

Kwa hiyo uguse kila asubuhi. Unatakiwa utetemeke chini ya vidole kama simu iliyozimwa mlio. Mtetemo ukipotea, usingoje siku ya kliniki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Usiulalie mkono huo, wala usikubali upimwe presha hapo.