Je, wajua kwa nini bango kuukuu la sinema huuzwa kwa bei ya nyumba?

Mwaka 2011, katika mji mdogo wa Berwick, Pennsylvania, nchini Marekani, bunda la karatasi lililokaa darini kwa miaka mingi lilipelekwa mnadani. Lilikuwa zito na limegandamana kama chapati zilizosahaulika kwenye sufuria. Mnunuzi alilichukua kwa karibu dola 30,000. Ndani yake mlikuwa na mabango 33 ya filamu za mwanzoni mwa miaka ya 1930, yamebandikwa moja juu ya jingine kwa gundi ya karatasi za ukutani. Mafundi wa kukarabati karatasi waliyalainisha kwa unyevu wakayabandua moja moja, na yalipouzwa Dallas mwezi Machi 2012 yalileta zaidi ya dola nusu milioni.

Gundi ile ina zaidi ya nusu ya jibu letu. Hakuna aliyekusudia kuyatunza mabango hayo. Mwenye sinema alibandika tangazo la picha ya wiki hii juu ya tangazo la picha ya wiki iliyopita, kama mabango ya kampeni yanavyobandikwa kwenye kuta zetu, mpaka safu ikawa nene kiasi cha kubanduka yenyewe. Mtu fulani akaiweka darini badala ya kuitupa. Basi.

Wengi hudhani mabango ya zamani ni adimu kwa sababu yalichapwa machache. Sivyo. Filamu ya kampuni kubwa ya Hollywood ilitangazwa nchi nzima, kila mji wenye sinema ulihitaji mabango yake, kwa hiyo mitambo ilichapa mengi sana. Uadimu ulikuja baada ya uchapaji. Bango halikuuzwa kwa mtazamaji, na hakukuwa na duka ambako mtu angeingia akanunua moja la kutundika chumbani. Kwa kawaida sinema ilikodi bango kama ilivyokodi mkanda wenyewe. Kuanzia mwaka 1940 kampuni moja, National Screen Service, ilichukua kazi ya kusambaza mabango ya karibu kampuni zote kubwa za Marekani, na pembeni mwa kila bango iliandika kwamba karatasi hiyo ni mali yake, imetolewa ionyeshwe wakati wa filamu tu, na irudishwe mara filamu ikiisha. Bango likirudishwa lilikunjwa tena likapelekwa mji mwingine. Huko lilipigwa pini upya, likapata tundu jipya na mchaniko mpya, hadi likafika mahali hakuna anayelitaka tena.

Sinema ndogo zilibadilisha picha mara mbili au tatu kwa wiki. Hebu fikiria rundo la karatasi linalopatikana kwa mwaka mmoja tu. Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili, na serikali ikawaomba wananchi watoe karatasi kuukuu zisagwe zitumike upya. Watoto walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya magazeti, na stoo za sinema nazo zikafagiliwa. Kwetu tunajua maisha ya karatasi yalivyo: gazeti la jana hufungia karanga leo, na kesho halipo. Bango la sinema lilikuwa na hadhi hiyohiyo.

Ndiyo maana yaliyosalia hupatikana mahali pa ajabu. Mengine yalijazwa ndani ya kuta za mbao kuzuia baridi. Mengine yalitiwa nyuma ya fremu ya picha nyingine ili kuishikilia. Huko Wales yalikutwa mabango ya miaka ya 1930 chini ya zulia, yalikotandikwa kama tungetandika magazeti chini ya godoro. Aliyeyatandika alikuwa anatafuta sakafu isiyo na baridi, na kwa kufanya hivyo akayaokoa. Mimi huona fahari kubwa katika habari za namna hii, kwa kuwa zinaonyesha kwamba vitu vingi vya thamani tulivyonavyo vilipona kwa kusahauliwa.

Lakini uadimu peke yake haupandishi bei. Kuna risiti za mwaka 1931 zilizobaki moja tu duniani na hakuna anayezitaka. Lazima awepo mtu anayelilia kitu hicho, na hapo kuna kisa ambacho wakusanyaji wa Marekani wanakijua vizuri. Mwaka 1957 kampuni ya Screen Gems iliuzia vituo vya televisheni fungu la filamu 52 za zamani, nyingi zikiwa za kutisha za kampuni ya Universal: Dracula, Frankenstein, The Mummy. Watoto walikesha mbele ya televisheni wakiogopa na kufurahi kwa pamoja. Watoto hao walipokua, wakawa mawakili, madaktari na wanamuziki wenye fedha, waliutafuta ule woga wa utotoni, wakaukuta kwenye karatasi za mwaka 1931 na 1932 zilizobaki chache mno. Mwaka 1997 bango la The Mummy liliuzwa New York kwa dola 453,500. Novemba 2017 bango la Dracula lilifika dola 525,800, bei kubwa kuliko ya bango lolote la filamu lililokuwa limewahi kupigwa mnada hadi siku hiyo. Kwa viwango vya wakati ule, hiyo ni zaidi ya shilingi bilioni moja za Tanzania, kwa karatasi ambayo mwenye sinema aliikodi kwa senti.

Nje ya mnada kuna bei iliyopita hapo. Bango la Metropolis, filamu ya Kijerumani ya mwaka 1927, lililochorwa na Heinz Schulz-Neudamm, liliuzwa mwaka 2005 kupitia duka moja la mabango la London kwa dola 690,000. Nakala zake zinazojulikana ni nne tu, na moja iko katika jumba la sanaa la MoMA, New York.

Hata kampuni za filamu zenyewe hazikuthamini mali zao. Mwaka 1970 MGM ilipiga mnada maghala yake ya mavazi na vifaa, na viatu vyekundu vinavyometameta vya filamu ya The Wizard of Oz vikaondoka kwa dola 15,000. Jozi nyingine ya viatu hivyohivyo iliibiwa kwenye makumbusho Minnesota mwaka 2005, ikapatikana mwaka 2018, na Desemba 2024 ikauzwa kwa dola milioni 28 kabla ya ada za mnada.

Turudi kwenye karatasi, kwa sababu si kila mtu anakusanya mabango makubwa. Kulikuwa na kadi za ukumbini, za inchi 11 kwa 14, zilizotoka kwa seti ya nane. Ya kwanza kwa kawaida ilibeba jina la filamu na majina ya waigizaji, na saba zilizobaki zilionyesha matukio. Waliokulia Unguja, Mombasa au Dar es Salaam enzi za kwenda kutazama picha wanakumbuka picha za namna hiyo kwenye kisanduku cha kioo mlangoni, na watoto wasio na hela ya tiketi wakibishana ni yupi steringi na ni yupi adui. Na kulikuwa na picha mnato za inchi 8 kwa 10, nyeusi na nyeupe, zilizopelekwa magazetini. Hizi nazipenda kuliko zote, na nina sababu. Watu hudhani zilikatwa kutoka kwenye mkanda wa filamu. Hapana. Mpiga picha wa kampuni alikuwapo kwenye eneo la kuigizia na kamera yake mwenyewe, na tukio likishachukuliwa aliwaomba waigizaji wasimame tena ampigie yeye. Kwa hiyo picha mnato ina ukali ambao filamu yenyewe haina: unaona uzi wa koti, unaona jasho. Geuza nyuma, utakuta muhuri wa kampuni au wa gazeti, na pengine maelezo yaliyopigwa taipu na kubandikwa.

Afrika nayo ina sura yake katika jambo hili. Ghana, miaka ya 1980, wenye video walizunguka vijijini na televisheni, deki na jenereta, na hawakuwa na mabango yaliyochapwa. Wakawapa kazi wachoraji, ambao walifungua magunia ya pamba ya unga wa ngano, wakayashona mawili pamoja, wakachora kwa rangi ya mafuta. Mchoraji mara nyingine hakuwa ameiona filamu, akaongeza nyoka, moto au jitu ambalo halimo. Mabango hayo yalikunjwa kama mkeka, yakabebwa juu ya magari, yakapigwa na mvua na jua. Video zilipoingia majumbani na uchapaji kuwa rahisi, kazi hiyo ikafifia, na leo maturubai hayo yamo mikononi mwa wakusanyaji wa Los Angeles na Chicago. Sababu ni ileile ya Berwick: kilichotengenezwa kiishe na kazi yake kimebaki kichache.

Sasa, bei ikiwa hivyo, wajanja lazima watokee. Unatambuaje bango la kweli la Marekani?

Anza na kipimo. Bango la kawaida la zamani lilikuwa inchi 27 kwa 41, yaani karibu sentimita 69 kwa 104. Mengi yanayouzwa madukani kama pambo ni inchi 24 kwa 36. Kisha angalia mikunjo. Mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 mabango yalikunjwa kiwandani kabla ya kusafirishwa, hivyo alama za mikunjo ni kama chanjo begani: zinaonyesha lilikotoka. Mnunuzi mgeni huzikimbia, mzoefu huzitafuta. Pitisha kidole juu yake. Nakala bandia huwa imepigwa picha pamoja na mikunjo ya ile ya asili, jicho linaiona lakini kidole hakihisi kitu.

Soma namba iliyo chini kulia. Mabango ya National Screen Service yana namba kama 54/312: filamu ilitolewa mwaka 1954, na 312 ni namba yake katika orodha ya mwaka huo. Herufi R mbele ya namba ina maana filamu ilirudishwa sinema baadaye, na hiyo R inaweza kushusha bei mara kumi. Watu wengi wamenunua bango la marudio wakidhani ni la mwanzo, na hakuna aliyewadanganya, hawakusoma tu pembeni.

Chukua na kioo cha kukuzia. Mabango ya miaka ya 1920 na mwanzo wa 1930 mengi yalichapwa kwa mtindo wa jiwe: fundi alichora kila rangi peke yake juu ya jiwe la kuchapia, na ukitazama kwa karibu unaona mikwaruzo ya kalamu ya nta, rangi juu ya rangi. Nakala ya kisasa inaonyesha nukta ndogo zilizopangika, hadi ndani ya herufi ambazo zingepaswa kuwa na rangi moja tupu. Mwisho zima taa, washa taa ya zambarau inayotumika kukagua noti. Karatasi nyingi za kisasa zina dawa ya kuzing'arisha, zitawaka bluu. Ya mwaka 1931 itabaki imefifia.

Ukibahatika kuwa nalo, kosa kubwa ni kulitengeneza mwenyewe. Selotepu huacha doa la kahawia lisilotoka. Kulipitisha plastiki kwenye duka la vitambulisho ni kuliua. Karatasi hizi zilitengenezwa kwa massa ya mbao yenye asidi, hivyo jua huzigeuza manjano na kuzifanya zivunjike kama kaukau. Mafundi hulibandika juu ya karatasi ya Kijapani na kitambaa cha turubai kwa uji wa wanga wa ngano, kwa sababu uji huo ukilowa huachia, na fundi wa miaka hamsini ijayo ataweza kulibandua bila kulidhuru.

Mwaka 2014, huko Dallas, bango la filamu iitwayo London After Midnight, ya mwaka 1927, liliuzwa kwa dola 478,000. Lon Chaney ndiye aliyekuwa steringi, akiwa na meno yaliyochongoka na kofia ndefu. Nakala ya mwisho inayojulikana ya filamu hiyo iliteketea katika moto uliounguza ghala la MGM miaka ya 1960, na hajapatikana mtu mwenye nyingine. Haiko peke yake: utafiti uliotolewa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba, kati ya karibu filamu ndefu 11,000 zisizo na sauti zilizotolewa Marekani kati ya 1912 na 1929, ni asilimia 14 tu zilizobaki kamili katika umbo lake la asili. Kwa London After Midnight, mwaka 2002 televisheni ya Turner Classic Movies ilionyesha toleo la dakika kama 45 lililoundwa kwa kufuata hati ya filamu na kupanga zile picha mnato, moja baada ya nyingine, kwa mfuatano wa kisa. Hakuna anayesogea ndani yake. Chaney amesimama na kofia yake kama alivyoombwa na mpiga picha siku ile, na hivyo ndivyo tunavyoweza kumtazama.