Dereva mpya wa lori na kazi ya usiku

Kila kundi ninalolifundisha likikaribia kupata leseni ya daraja E, kuna kijana hunifuata pembeni: "Mwalimu, naweza kupata kazi ya lori bila kuendesha usiku?" Wengi huuliza kwa sauti ya chini, kana kwamba ni aibu. Mimi hufurahi nikilisikia swali hilo, kwa sababu anayeliuliza ameshaanza kufikiri kama dereva.

Inawezekana. Ila kabla ya kumuuliza bosi, angalia mzigo, maana mzigo ndio unaopanga saa. Chukua kontena la kwenda Lubumbashi. Makaratasi, foleni ya geti la bandari na kufunga mzigo vinakula mchana mzima. Unatoka Dar es Salaam jioni, na hujafika Chalinze giza limeshaingia. Mbele yako bado kuna zaidi ya kilomita 800 hadi Tunduma, mizani njiani, na foleni ya mpakani inayokusubiri. Mwenye mali anahesabu siku, ofisi inakufuatilia kwa GPS, posho yako ni ya tripu. Hakuna aliyekuamuru kuendesha usiku, lakini mpango mzima unakusukuma huko.

Kazi za mchana zipo. Malori ya kusambaza saruji, soda na vifaa vya ujenzi hufuata saa za maduka, na jioni gari linarudi yadi. Posho ni ndogo, lakini utajifunza kurudi nyuma kwenye vichochoro vya Manzese hadi uizoee gari kama mkono wako. Matipa ya mchanga na kokoto nayo kwa kawaida ni mchana, isipokuwa mkandarasi akibanwa na muda. Jihadhari na kazi ya kuhamisha makontena kati ya bandari na bandari kavu. Safari ni fupi, lakini bandari inafanya kazi saa 24, na mara nyingi mgeni ndiye anayepangiwa zamu ya usiku.

Upande wa safari ndefu, baadhi ya wenye mizigo ya mafuta na ya migodini hukataza kabisa gari kutembea gizani. Linapaki kabla ya jua kuzama, na dereva analala. Tatizo ni kwamba kazi hizo hutaka mtu mwenye miaka ya uzoefu. Kwa hiyo asiyeijua barabara ndiye anayeangukia usiku, na anayeijua analala. Mpangilio huu unaniuma, na ningekuwa na uwezo ningeugeuza.

Tazama kinachotokea mlima Kitonga. Lori linaharibika likiwa linapanda. Utingo anaruka na mawe, anayabana nyuma ya matairi, kisha anakata matawi na kuyalaza kwenye lami nyuma ya gari kama tahadhari. Gari likitengenezwa linaondoka, mawe yanabaki barabarani. Mchana unayaona mapema. Usiku, huku lori linaloshuka limekupiga taa kali za uso, unayaona yakiwa chini ya bampa. Dereva wa siku nyingi anajua ni kona zipi magari hufia, na hupunguza mwendo kabla hajaona kitu. Wewe bado hujui. Ndiyo maana nawaambia vijana wangu: ipite barabara mchana kwanza, kwenda na kurudi, ukiwa na mzigo na ukiwa mtupu, ndipo uifikirie usiku.

Halafu kuna usingizi. Mwili huzama zaidi kati ya saa nane usiku na saa kumi na mbili alfajiri, hata kwa aliyezoea. Mwaka 1997 watafiti Dawson na Reid walionyesha katika jarida la Nature kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 hushuka uwezo sawa na mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu. Ukisinzia sekunde nne tu katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari limeshakwenda karibu mita 90 bila dereva. Kufungua redio hakutibu hilo. Mirungi nayo hairudishi usingizi uliokosa, na hapa Tanzania mirungi ni dawa ya kulevya kisheria. Simamisha gari mahali salama, lala, hata dakika 20.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaihesabu kazi ya kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi kuwa kazi ya usiku, na inataka uongezewe angalau asilimia 5 ya mshahara wa msingi kwa kila saa. Aliyethibitishwa na daktari kuwa afya yake haihimili kazi ya usiku hapaswi kupangiwa. Madereva wengi hawayajui haya, kwa hiyo hawadai.

Siku ya usaili, uliza gari hupakia saa ngapi, na saa mbili usiku ikikukuta njiani unapaki wapi. Meneja aliyejipanga atakutajia vituo kwa majina: Mikumi, Ilula, Makambako. Akikujibu "utajua huko huko", mshukuru, kasambaze saruji kwanza.