Viungo vya Wanyama kwa Binadamu: Kabla Hujachapisha Utafiti, na Kabla Hujaamini Ulichotumiwa kwenye Simu

Na Mjumbe wa Kamati ya Maadili ya Utafiti, Moshi

Tangu habari za figo za nguruwe kupandikizwa kwa wagonjwa wa Marekani zianze kuzunguka kwenye simu, ofisi yetu inapokea watu wa aina mbili. Wa kwanza ni ndugu wa wagonjwa wanaosafishwa damu. Wanakuja na picha ya daktari wa upasuaji aliyeshika figo juu ya chombo cha barafu, wanauliza huduma hiyo itafika lini Kilimanjaro na itagharimu shilingi ngapi. Wa pili ni wanafunzi wa uzamili, madaktari wa binadamu na madaktari wa mifugo, wa hapa Moshi na wa Arusha, ambao wameshaandika makala kuhusu jambo hilo au linalokaribiana nalo, na sasa wanataka karatasi ya kuwaruhusu kuituma jaridani. Wengi wao wanafika wakiwa wamechelewa. Tunawaandikia wote kwa pamoja kwa sababu kosa lao lina mzizi mmoja: wanadhani kuchapisha utafiti ni kutangaza.

Tuchukue kisa cha David Bennett. Januari 7, 2022, timu ya Chuo Kikuu cha Maryland mjini Baltimore, ikiongozwa na Bartley Griffith na Muhammad Mohiuddin, ilimwekea moyo wa nguruwe aliyefanyiwa mabadiliko kumi ya vinasaba: vinne vya nguruwe vilizimwa, sita vya binadamu vikaongezwa. Siku tatu baadaye dunia nzima ilikuwa na habari. Hilo lilikuwa tangazo. Bennett alifariki Machi 8. Makala yenyewe ilitoka mwezi Juni katika jarida la tiba la New England Journal of Medicine, na humo ndimo wataalamu wengine walipopata cha kufanyia kazi. Iliandikwa wazi kwamba vinasaba vya kirusi cha nguruwe, sitomegalovirusi, vilionekana katika damu ya mgonjwa, ingawa nguruwe huyo alipimwa kabla na hakukutwa nacho. Alikuwa amepimwa majimaji ya puani, na kirusi kile kina tabia ya kujificha ndani ya mwili bila kujitokeza puani. Mwaka 2023 timu hiyohiyo ikaandika tena, safari hii katika Lancet, ikichambua kwa nini moyo ule ulishindwa.

Tangazo la Januari lilitupa matumaini. Makala ya Juni ilimwambia daktari anayefuata asimwamini nguruwe kwa kipimo cha pua peke yake. Ukiniuliza kipi kinaokoa maisha ya mgonjwa wa pili, jibu unalo.

Fani hii imejengwa juu ya kushindwa kulikoandikwa. Mwaka 1964 Keith Reemtsma wa New Orleans aliripoti juu ya wagonjwa aliowapandikizia figo za sokwe. Walikuwa 13. Karibu wote walifariki ndani ya wiki chache, mmoja akaishi miezi tisa. Hakuficha. Oktoba 26, 1984, Leonard Bailey wa Loma Linda, California, alimwekea mtoto mchanga moyo wa nyani. Mtoto akafariki Novemba 15. Makala ilichapishwa mwaka uliofuata, ikiwa na maelezo kwamba kundi la damu la nyani halikulingana na la mtoto. Taasisi za Taifa za Afya za Marekani nazo ziliikagua fomu ya ridhaa iliyosainiwa na wazazi, zikakuta haikugusia uwezekano wa kutafuta moyo wa binadamu. Kwa hiyo sisi tunapodai fomu ya ridhaa iambatanishwe na rasimu ya makala, na tunaisoma mstari kwa mstari, wale wanaotuona tunawachelewesha wakumbuke mtoto yule.

Na kuna upande wa pili. Mwaka 1997 daktari mmoja wa Assam, India, alimpandikizia mgonjwa moyo na mapafu ya nguruwe. Mgonjwa alifariki baada ya siku saba, daktari akakamatwa na kuwekwa mahabusu siku 40 kwa mujibu wa sheria ya India ya upandikizaji wa viungo. Mpaka leo wapo wanaosema alikuwa mbele ya wakati wake, na wapo wanaosema alikuwa tapeli. Ubishi hauishi kwa sababu hakuna makala iliyohakikiwa na wataalamu wengine ambayo mtu anaweza kuifungua akaupima ukweli. Mgonjwa alikufa, na kifo chake hakikumfundisha mtu yeyote kitu.

Hapa nazungumza na watafiti wetu. Tamko la Helsinki, yaani mwongozo wa kimataifa wa maadili ya utafiti wa tiba kwa binadamu, ambalo kila mmoja wenu analitaja katika andiko lake la utafiti, linataka matokeo mabaya, na hata yasiyo na jibu, yachapishwe au yawekwe wazi. Bado tunasikia kauli ileile: «Data zangu hazijatoka vizuri, nimeamua niachane nazo.» Hazijatoka vizuri kwa nani? Ukipima nguruwe wa mabanda ya Hai na Arumeru ukitafuta virusi vinavyoweza kuvuka kwenda kwa binadamu, na usivione, hayo ni matokeo. Ulichukua damu ya mifugo ya watu, ulikula muda wao, ulitumia fedha za mfadhili. Huna haki ya kuyafungia kabatini kwa sababu jarida kubwa halitayapenda.

Sasa utaratibu. Najua unachosha, lakini hapa ndipo watu wanapoangukia.

Utafiti wowote unaohusu binadamu, damu yake, kumbukumbu zake za hospitali au hata dodoso, hupitia kwanza kamati ya maadili ya taasisi, kisha NIMR, yaani Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kwa kibali cha kitaifa. Mtafiti wa kigeni anahitaji pia kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia. Jaribio la dawa au kifaa tiba linahitaji idhini ya TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, chini ya Sheria ya Dawa na Vifaa Tiba, Sura ya 219, na lazima lisajiliwe katika rejista ya wazi kabla mshiriki wa kwanza hajaandikishwa. Kwa bara letu ipo rejista ya Afrika nzima yenye makao Cape Town, na haitozi ada. Narudia: kabla. Majarida makubwa ya tiba yamekubaliana tangu mwaka 2005 kutopokea makala ya jaribio lililosajiliwa baada ya kuanza, kwa hiyo anayesajili wakati wa kuandika amejifungia mlango mwenyewe. Utafiti unaotumia wanyama unaangaliwa pia kwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, na jarida litauliza mnyama alitunzwaje, alipewa ganzi gani, na aliuawaje.

Kibali cha NIMR kinadumu mwaka mmoja. Ripoti ya maendeleo inatakiwa kila baada ya miezi sita. Kabla ya kuchapisha matokeo, mtafiti anaomba ruhusa ya NIMR ya kuchapisha, na makala ikishatoka, nakala zinapelekwa NIMR na Wizara ya Afya. Anayekiuka masharti hayo anatenda kosa, na akitiwa hatiani anatozwa faini kwa mujibu wa Sheria Na. 23 ya mwaka 1979 iliyoanzisha taasisi hiyo. Haya yote yamechapwa kwenye cheti chenyewe cha kibali, karatasi ileile yenye jina lako, na bado watu wanashangaa tukiwasomea. Sampuli za binadamu nazo hazivuki mpaka bila makubaliano ya kuhamisha sampuli yaliyosainiwa na pande zote na kupitishwa. Kama boksi lako la barafu limeshafika uwanja wa ndege wa KIA ndipo unakumbuka kutupigia simu, sisi hatuna la kukusaidia.

Kibali hakirudi nyuma. Hili ndilo swali tunaloulizwa zaidi, na kwa njia nyingi za kistaarabu: kama kamati inaweza «kurekebisha tarehe», kama inaweza kutoa barua inayosema utafiti «haukuhitaji» kibali. Haiwezi. Mtafiti aliyekusanya taarifa bila kibali hatapewa kibali cha kuzichapisha, hata kama kazi yake ni nzuri, na mara nyingine ni nzuri kweli, jambo linalotuumiza na sisi. Anayekusanya pamoja makala za wengine zilizokwisha kuchapishwa na kuzichambua, bila kugusa mgonjwa wala jalada, huyo hana haja ya kibali cha maadili. Hata hivyo, baadhi ya majarida humtaka aandike sentensi moja ya kulieleza hilo, basi ailete tuione.

Kuna jambo lililo karibu zaidi na moyo wangu, nalo ni mgonjwa kutambulika. Katika fani ya viungo vya wanyama wagonjwa bado ni wachache sana duniani, na majina ya baadhi yao yanajulikana kwa hiari yao na ya familia zao. Richard Slayman, aliyepewa figo ya nguruwe Boston Machi 16, 2024 na kufariki Mei mwaka huohuo, alijulikana kwa jina na sura. Watafiti wetu wakaona ndivyo inavyofanyika. Tuliwahi kupokea rasimu ya ripoti ya mgonjwa mmoja wa figo ambayo mwandishi aliapa haina jina. Kweli, jina halikuwamo. Kulikuwa na «mwalimu mkuu mstaafu, miaka 61, mkazi wa kijiji kimoja cha Kibosho, anayesafishwa damu kila Jumanne na Ijumaa, aliyepoteza mguu wa kulia», na picha ya kidonda iliyoonesha saa yake mkononi. Mtu gani wa Kibosho asingemjua mwalimu wake?

Ridhaa ya matibabu haiwi ridhaa ya kuchapishwa. Fomu ni mbili, na ya pili inasomwa kwa mgonjwa kwa lugha anayoielewa, akiambiwa kwamba makala itasomwa popote penye intaneti na haitaweza kurudishwa. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za afya na za vinasaba ni taarifa nyeti, na kuzitumia bila ridhaa ya maandishi kunamweka mtafiti na taasisi yake pabaya. Kama mgonjwa amefariki, zungumza na familia. Msiba haufuti heshima yake.

Kuhusu majarida ya kitapeli nitasema kwa ufupi. Barua pepe inayokuita profesa wakati bado unasoma, inayoahidi kuchapisha ndani ya siku tatu ukilipa dola, itupe. Hakuna mtaalamu anayehakiki kazi ya kinga ya mwili kati ya viumbe wawili tofauti kwa siku tatu.

Nirudi kwa ndugu wa wagonjwa. Figo za nguruwe hazipandikizwi hapa nchini, na mtu akikuomba kiingilio ili akuandikishe kwenye orodha, nenda polisi. Kinachofanyika Tanzania ni kupandikiza figo kutoka kwa ndugu aliye hai, Muhimbili tangu mwaka 2017 na Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, tangu 2018. Huko Marekani kwenyewe majaribio rasmi ya figo za nguruwe yaliruhusiwa na mamlaka yao ya dawa mwaka 2025 tu. Kabla ya hapo mgonjwa mmoja wa huko, Towana Looney, alipandikizwa figo hiyo, akakaa nayo siku 130, ikatolewa. Mwingine, Tim Andrews, alikaa na yake siku 271, nayo ikatolewa. Hizo ni hatua kubwa mno kwa sayansi, na kwangu ni furaha kuzisoma, lakini mzee wako anasafishwa damu wiki hii, naye anahitaji ndugu wapimwe kama wanalingana naye.

Ukitumiwa habari ya namna hii, angalia kwanza kama aliyepandikizwa alikuwa hai. Septemba 2021 timu ya Robert Montgomery, New York, iliunganisha figo ya nguruwe na mwili wa mtu ambaye ubongo wake ulishakufa, kwa ridhaa ya familia, ili kuona kama figo itatoa mkojo. Ilitoa. Kwenye simu za hapa kwetu ikawa «mgonjwa amepona».

Wapo wanaotuuliza kama anayekula kitimoto mwili wake unaipokea figo ya nguruwe kwa urahisi zaidi. Hapana, na tunaomba swali hili lipumzike. Chakula husagwa tumboni, hakiifundishi kinga ya mwili kukikubali kiungo. Wapo wanaouliza kama ni halali kidini. Hilo ni swali la haki kabisa, na kamati yetu haina mamlaka ya kulijibu. Waulizeni masheikh, wachungaji na mapadre wenu. Tunachosimamia sisi ni kwamba fomu ya ridhaa imtaje mnyama kwa jina lake, bila kuzungusha maneno, ili mwenye kukataa akatae mapema. Vali za moyo zilizotengenezwa kwa tishu za nguruwe na ng'ombe zimetumika kwa miongo mingi, na insulini ya nguruwe ilitumika kabla ya ile ya binadamu kuanza kutengenezwa maabara, na si kila mgonjwa aliambiwa. Hatutaki hilo lijirudie.

Mtafiti anayekuja ofisini alete rasimu kamili, cheti cha kibali ambacho muda wake haujaisha, namba ya usajili kama ni jaribio, fomu zote mbili za ridhaa, na barua ya kila mwandishi aliyetajwa akikubali kutajwa. Faili lenye upungufu hurudishwa bila kusomwa. Ndugu wa mgonjwa anayetaka kujua kama taarifa za mzee wake zimo katika makala fulani hahitaji kuleta chochote zaidi ya kitambulisho na barua ya kawaida ya mkono, na barua hizo tunazishughulikia kabla ya mafaili ya watafiti.