Engelbert Kaempfer: yanayosemwa juu yake na yaliyokuwa

Wengi wanaokutana na jina la Engelbert Kaempfer, tabibu aliyeandika habari za Japani, katika historia ya nchi hiyo humdhania kuwa Mholanzi, na kosa hilo lina asili yake. Alizaliwa mwaka 1651 katika mji wa Lemgo, Ujerumani, mtoto wa mchungaji wa Kilutheri. Mwaka 1683 aliondoka Uswidi akiwa katibu wa ujumbe wa mfalme uliopitia Urusi hadi Isfahan, Uajemi, na huko akajiunga na Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki kama tabibu. Alipofika Nagasaki mwaka 1690 hakuwa na budi kuhesabiwa Mholanzi, kwa kuwa Japani ya wakati ule haikumpokea Mzungu wa taifa jingine. Hata hivyo, alipoamriwa kucheza na kuimba mbele ya Tsunayoshi, shogun (mtawala wa kijeshi) wa Japani, aliimba wimbo wa mapenzi kwa Kijerumani.

Dhana iliyo nzito zaidi ni ile ya mtafiti aliyezunguka Japani apendavyo, akijionea kila kitu kwa macho yake. Ukweli ni kwamba aliishi miaka miwili katika Dejima, kisiwa cha Nagasaki kilichojengwa kwa mikono ya watu, ambacho mwenyewe alikipima kwa hatua akapata urefu wa 236 na upana wa 82. Safari zake za mbali zilikuwa mbili tu, za kwenda Edo (Tokyo ya leo) mwaka 1691 na 1692, tena chini ya ulinzi, huku dira yake akiificha katika kisanduku alichokijaza mimea juu.

Basi maarifa yale mengi aliyoyaandika kuhusu Japani yalitoka wapi? Kwa sehemu kubwa yalitoka kwa Imamura Gen'emon, kijana wa Kijapani aliyewekwa kumtumikia. Kaempfer alimfundisha Kiholanzi na utabibu, akamlipa vizuri, na kijana akamletea vitabu na maelezo ambayo wakalimani walikuwa wameapa kutowapa wageni. Katika maandishi yake Kaempfer alikiri msaada huo bila kutaja jina la msaidizi wake, na ukimya huo nauona kuwa wa busara, kwa sababu aliyekuwa hatarini ni Imamura, si yeye. Lakini wanaosimulia habari hizi leo hawana tena sababu ya kumwacha nje.

Wapo pia wanaodhani kwamba alirudi Ulaya akapokewa kwa shangwe. Alirudi mwaka 1693, akawa tabibu wa mtawala wa Lippe, kwao Ujerumani, na kabla ya kufa mwaka 1716 alichapisha kitabu kimoja kikubwa tu kuhusu safari zake, kwa Kilatini, mwaka 1712. Historia yake ya Japani ilitoka London mwaka 1727, kwa Kiingereza, baada ya Hans Sloane, tabibu na mkusanyaji wa London, kununua miswada yake na Mswisi Johann Caspar Scheuchzer kuifasiri. Wajerumani walisubiri hadi mwaka 1777 kuanza kupata toleo lililotokana na miswada ya lugha yao wenyewe.

Kuhusu mti wa ginkgo, hakuuvumbua, maana Wachina na Wajapani walikuwa wameupanda kwa karne nyingi; yeye aliwaeleza Wazungu habari zake, na tahajia yake ya jina hilo ndiyo aliyoichukua Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, mwaka 1771.

Mwisho ni neno sakoku, yaani nchi iliyofungwa, ambalo wengi huamini lilikuwamo katika amri za miaka ya 1630 zilizowazuia Wajapani kutoka nchini mwao. Halikuwamo. Lilibuniwa mwaka 1801 na Shizuki Tadao wa Nagasaki, aliyewahi kuwa mkalimani, alipofasiri kutoka Kiholanzi insha ya Kaempfer yenye kichwa kirefu mno. Na insha yenyewe haikuilaumu Japani kwa kujifungia: ilitetea kwamba nchi inayojitosheleza kwa mahitaji yake ilikuwa na haki ya kufanya hivyo.